K Moja Haitoshi

Sanduku lilikuja na herufi mia,
K moja tu.
Binti wa Kizungu aliyejitolea miezi sita hospitali ya Mawenzi
alituachia zawadi, hakujua ametuachia njaa.
Nani ataandika kuku kwa K moja?
Kaka? Kikombe? Kukosa?
Tukachonga nyingine nane kwa kifuniko cha ndoo ya rangi,
na ile Q, ambayo hatuna kazi nayo,
tukailaza kifudifudi ikawa tupu,
ikawa lolote ulitakalo.

Alhamisi. Mvua ya Aprili inapiga bati la steshenari yangu,
mashine ya fotokopi imepoa.
Kaanaeli anakung'uta mwavuli mlangoni.
Hanisalimu, anauliza tu, "Leo ipi?"
Naandika juu ya bahasha: ATA.
Kila neno litakalokaa mezani
sharti liibebe tumboni, nzima, haijachanika.

Naanza na bata, neno la chekechea.
Yeye, hatari.
Mimi, fataki.
Yeye, atamia, kisha anamtaja yule kuku wa mama
aliyeangua mayai ya bata,
vifaranga vikajitosa kwenye mfongo
naye ukingoni anapiga kelele, anapiga kelele.
"Unamkumbuka?"
Namkumbuka hadi kidonda cha mguuni.
Nahesabu pointi.

Zamani alifundisha Kiingereza kule Uru.
Bado ana daftari la maneno yenye OUGH,
ukurasa na nusu, herufi nne zile zile:
hili kikohozi, lile plau, lile donge la unga,
na kila moja lina sauti yake
kama watoto wa baba mmoja mbele ya hakimu.
"Kwetu ATA ni ATA," namwambia,
"uitie kwenye katani, uitie kwenye utata."
Anatabasamu upande mmoja, ule wenye jino.

Naweka kata.
Anaitazama kitambo.
Anasogeza M mbele, B na A nyuma,
taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la marehemu:
mkataba.

Ule wa kihamba cha Kibosho
aliutolea nakala hapa hapa, kwa mashine yangu,
tatu, nikachukua shilingi mia tatu,
nikazibana kwa pini zisipeperuke.
Sikusoma. Nani husoma karatasi za wateja?
Jina langu halikuwemo kwenye nakala ya kwanza,
wala ya pili,
na ya tatu ilitoka safi kuliko zote.

Shamte, fundi viatu wa barazani, ndiye refa wetu.
Ana kamusi isiyo na jalada, inaanzia *adili*.
Anapaza sauti bila kuinua kichwa:
"Mkataba hakuzaliwa na kata, msidanganyike.
Huyo ni wa ukoo wa kitabu, katoka Uarabuni.
Wamekaa jirani tu."
Hakuna anayemjibu.
Msumari unaingia kwenye soli.

Mkononi nina M, P, T, N, O, na A mbili.
A ya tatu iko mezani, pembeni ina nafasi.
*Mapatano*, na ziada ya pointi hamsini.
Nalipanga. Nalisoma kimoyomoyo.
Nalivuruga.
Mwenye kihamba aanze yeye.
Nashusha A, T, A, basi.

"Hilo si neno."
"Vijana wanaliandika kila siku. Ata mimi. Ata sijui."
"Vijana!" anasema Shamte, anapekua. "Halimo."
Nanyoosha mkono kuviondoa vibao vyangu.

Kaanaeli anauzuia kwa kidole kimoja.
Anatazama kibanio chake,
anachomoa H,
anaiweka mbele ya ATA yangu,
zamu si yake, kanuni hairuhusu,
naye ndiye aliyeziandika kanuni.

Hata.
Hata nini? Hasemi.
Shamte anauliza pointi ziende kwa nani.
Nimeshika kalamu juu ya bahasha,
safu mbili, majina mawili,
na mvua imezidi, hasikii kama nimejibu.